Maswali ya Wasomaji: Video Naielewa, Swali Linanishinda

Barua za toleo hili zinahusu kemia ogani, hasa mmenyuko ambao kundi moja hung'oka kwenye kaboni na jingine kukaa mahali pake. Njia zake mbili huitwa SN1 na SN2.

SWALI: Nipo kidato cha sita, Morogoro. Nimetazama video zisizopungua kumi za SN1 na SN2. Mwalimu akichora naelewa. Nikiweka simu chini, hata bromoethani na sodiamu haidroksaidi inanitoa jasho. Nifanyeje?

JIBU: Yaliyoelewa ni macho, mkono bado haujachora kitu. Chagua video moja tu ya dakika 10 hadi 15, uwe na karatasi na kalamu za rangi mbili. Mwalimu akishaandika vitendanishi, kabla hajagusa mshale, simamisha video uchore wewe.

Tuchukue mfano wako huohuo. Andika CH3CH2Br, na pembeni OH⁻ yenye jozi 3 za elektroni huru juu ya oksijeni. Kaboni iliyoshika bromini iwekee δ+ (chaji chanya kidogo), maana bromini inazivutia elektroni upande wake. Mshale wa kwanza uanzie kwenye jozi moja ya oksijeni, uishie kwenye kaboni hiyo. Wa pili uanzie katikati ya bondi ya C–Br, uishie kwenye Br. Yote miwili hutokea kwa mpigo mmoja. Kosa tunalokutana nalo kila mara ni mshale kutoka kwenye kaboni kwenda OH⁻, kana kwamba unaonyesha atomu inakokwenda. Mshale unaonyesha elektroni zinakokwenda, basi. Ukisahau ule wa pili, kaboni itakuwa na bondi 5. Hapo hakuna mjadala, futa. Hesabu na chaji: kushoto −1, kulia −1 ya Br⁻.

Ndipo uendelee na video, ulinganishe. Ukiona umekosea, usinakili cha mwalimu. Rudi nyuma sekunde 30, sikiliza sababu, kisha chora upya kwenye ukurasa mwingine. Kesho yake rudia bila video kabisa.

SWALI: Video moja inasema kaboni ya daraja la pili (iliyoshikana na kaboni nyingine mbili) hufuata SN2, nyingine SN1. Nani anapotosha? Halafu mbona SN2 ina hatua moja na SN1 ina mbili? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hilo la mwisho linawachanganya wengi, na walimu wa video hulipita mbio. Tarakimu haihesabu hatua. Inahesabu chembe zinazoshiriki katika hatua ya polepole, ile inayoamua kasi. Majina hayo yalitokana na kazi ya Christopher Ingold na Edward Hughes huko London miaka ya 1930. Katika SN2, nyukleofaili (chembe inayotoa jozi ya elektroni, kama OH⁻) na molekuli yenye kundi linaloondoka hukutana ana kwa ana, hivyo ukizidisha mkolezo wa OH⁻ mara mbili, kasi nayo huwa mara mbili. Katika SN1, molekuli huachia kundi lake kwanza, peke yake, ikabaki kabokatayoni, yaani ioni yenye kaboni ya chaji chanya. Ongeza nyukleofaili utakavyo, kasi haibadiliki.

Kuhusu daraja la pili, hakuna anayepotosha, ila wote wawili wameficha kiyeyushi. 2-bromobutani pamoja na sodiamu iodaidi ndani ya asetoni huenda kwa SN2, kwa sababu asetoni haiizingiri iodaidi kwa bondi za haidrojeni. Inabaki huru kushambulia. Molekuli hiyohiyo ikiwa ndani ya maji na ethanoli, bila nyukleofaili kali, huelekea SN1 taratibu. Ukileta potasiamu haidroksaidi ndani ya ethanoli ya moto, bidhaa kubwa ni alkeni (yenye bondi mbili, C=C), si alkoholi. Hapo umeshatoka kwenye kubadilishana nafasi.

Daraja la tatu lisikusumbue: makundi matatu yameziba mlango wa nyuma ambako nyukleofaili huingilia, SN2 haipiti. Daraja la kwanza la kawaida nalo halina SN1. Na bromini iliyoshikamana moja kwa moja na pete ya benzini haifuati njia yoyote kati ya hizi mbili, ingawa mitihani hupenda kuitega humo.

SWALI: Bando langu ni dogo. Nitazame kwa ubora gani?

JIBU: Pakua kwa 480p mahali penye Wi-Fi. Kwenye 144p alama za + na − na nukta za elektroni hufutika, na somo lenyewe ndilo hilo.

SWALI: Nafundisha kemia sekondari. Nimeona video ya jaribio la kuonyesha SN2 kwa sodiamu iodaidi, lakini letu halikutoa kitu. Tulikosea wapi?

JIBU: Tunashuku maji kwanza. Jaribio linategemea sodiamu bromaidi kutoyeyuka kwenye asetoni, hivyo kujitenga kama unga mweupe. Asetoni yenye maji huuyeyusha, nawe huoni kitu. Tumia asetoni kavu na mirija iliyokauka, si iliyosuuzwa dakika hiyo.

Weka mililita 1 ya sodiamu iodaidi iliyoyeyushwa kwenye asetoni (asilimia 15), dondosha matone 2 ya 1-bromobutani, tikisa, subiri dakika 3 bila kupasha moto. Ikiwa mlitumia 1-klorobutani, kungoja tu hakutoshi: kloraidi huondoka kwa shida kuliko bromaidi. Tumbukiza mrija kwenye maji ya nyuzi 50 za Selsiasi kwa dakika 6, kisha upoze ndipo utazame. Maji yapashwe kwingine na kuletwa. Moto wa wazi usiwe karibu, asetoni inashika haraka. Fungueni madirisha, na mabaki yaende kwenye chupa ya taka za halojeni, si kwenye sinki.