Maswali yenu: wanawake weusi na sanaa

Bibi yangu kafinyanga vyungu maisha yake yote na hakuna aliyemwita msanii. Huyu mfinyanzi maarufu Magdalene Odundo ana nini cha ziada?

Swali zuri, na jibu lake linauma. Odundo kazaliwa Nairobi 1950, akaenda kusoma Uingereza, halafu 1974 akaenda Nigeria kwa wafinyanzi wa Abuja, akina Ladi Kwali (mama huyo yuko mpaka kwenye noti ya naira 20), na kule ndo akajifunza kuinua chungu kwa mkono bila gurudumu, yaani ujuzi uleule wa akina bibi. Anakisugua mpaka king'ae ndo anachoma, moto ukipata hewa kinatoka rangi ya chungwa, akikirudisha tanurini akabana hewa kinageuka cheusi. Tofauti iko kwenye kile kikaratasi cha makumbusho: cha bibi wanaandika kabila tu, cha Odundo wanaandika Odundo. Mi naona ni dhuluma.

Eti kuna mzaliwa wa Zanzibar alishinda Turner Prize, ile tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza?

Kweli kabisa, Lubaina Himid, kazaliwa 1954, baba yake akafariki yeye bado mchanga, mama akaenda naye Uingereza. Alishinda 2017 ana miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza, na mwaka huohuo ndo walikuwa wameondoa sharti la kuwa chini ya miaka 50. Ila mimi namheshimu zaidi kwa jambo la 1985: alikusanya wanawake 11, weusi na wenye asili ya Asia, wakafanya maonyesho ICA, jumba la sanaa pale London, na nafasi waliyopewa ni korido. Korido jamani! Wakatundika kazi zao humohumo, na mmoja wao, Sonia Boyce, 2022 akailetea Uingereza Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya maonyesho ya sanaa kule Venice, Italia.

Si mafeministi wa Ulaya na Marekani walishaandika historia yote hiyo?

Waliandika nusu. Chukua Olympia, mchoro wa Mfaransa Manet wa 1863, yule mwanamke mzungu aliyelala uchi kaandikwa weee, mtumishi mweusi aliyemshikia maua wanampita tu, mpaka Lorraine O'Grady, msanii mweusi wa Marekani, akamwandikia makala 1992. Aliyekaa kuchorwa pale aliitwa Laure.

Nabandika vipande vya karatasi sababu rangi ni ghali, je ni sanaa?

Ni sanaa dada! Rosemary Karuga wa Kenya, aliyesoma Makerere, alikuwa anakata karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, na 1990 kazi zake zilikuwa ukutani Studio Museum, makumbusho ya sanaa ya watu weusi kule Harlem, New York. Endelea kukata.