Kompyuta inakwama kwenye "grub rescue" baada ya kupandisha toleo

Ndugu yangu wa Langoni, uliyeandika kwamba laptopu yako inaonyesha "symbol not found" na haiendelei, kompyuta kuganda kwenye "grub rescue>" baada ya kupandisha toleo la mfumo wa Ubuntu si dalili ya diski kufa. Faili zako kwa kawaida zipo salama, basi fundi asikushawishi kufuta kila kitu. Hiyo "symbol not found" inasema kipande cha GRUB (programu inayoanzisha mfumo ukiwasha kompyuta) kilicho mwanzoni mwa diski ni cha zamani, na moduli zake (vipande vyake vingine) za ndani ya /boot/grub ni mpya. Haviingiliani.

Washa mashine kwa flashi ya Ubuntu, chagua kujaribu bila kusakinisha, fungua terminali. Amri ya lsblk itakuonyesha mfumo wako uko wapi. Tuseme ni sda2, yaani sehemu ya pili ya diski sda:

sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo grub-install --boot-directory=/mnt/boot /dev/sda

Mwisho wa amri ya pili ni sda tupu, yaani diski nzima, bila namba. Wengi huteleza hapo.

Umesema laptopu ni kuukuu, ya BIOS (njia ya zamani ya kuwasha mashine), kwa hiyo hayo yanatosha. Ingekuwa ya UEFI (njia mpya), amri zingekuwa nyingine. Ikishawaka, endesha sudo update-grub. Na stima ikicheza-cheza, hakikisha betri imejaa kwanza.