Jua la utosi na mchicha wa nyuma ya jiko

Kila mwaka, tarehe 20 Oktoba, huwa nachomeka ufito wima uani kwangu hapa Mikindani, saa sita mchana na dakika chache, nautazama. Hauna kivuli. Siku hizo jua linapita juu ya utosi wetu sisi wa kusini, likielekea kwa jirani zetu wa Msumbiji, na halirudi utosini tena mpaka Februari. Ila Februari kuna mawingu na mvua. Oktoba hakuna cha kutuficha: kusi imeshalegea, kaskazi haijashika, na mvua za msimu bado ziko mwishoni mwa Novemba kama si Desemba. Ndiyo maana barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake yamo mambo ambayo wengi mnayauliza.

*Shikamoo Bibi. Nina matuta manne ya mchicha nyuma ya jiko, kila moja mita moja kwa tatu, na miche 18 ya nyanya. Namwagilia kwa mpira mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, lakini ikifika saa saba mchicha umelala chini wote. Nyanya zinamwaga maua, na chache zilizoshika zina doa jeusi kitakoni. Maji ni ya kisima cha uani, yana chumvichumvi. Jirani kaniambia niongeze samadi ya kuku. Nifanye nini? (Msomaji, Shangani, Mtwara)*

Marahaba mwanangu. Tuanze na samadi: usiitie. Nalisema hili kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma nilinunua magunia mawili kwa mtu aliyeniapia kwamba imeiva miezi mitatu. Nilipofungua gunia macho yalinichoma, na hiyo peke yake ilitosha kuniambia kwamba ni mbichi, lakini nilikuwa na haraka. Niliitia kwenye bamia mwezi wa kumi na moja, udongo mkavu. Siku ya nne kingo za majani zilikuwa za kahawia, ya saba bustani yote ilikuwa imekwenda. Samadi ya kuku ina nguvu na ina chumvi zake, na wewe tayari una chumvi ya kisima. Iache pembeni kivulini, ifunike, uilowanishe na kuigeuza mara kwa mara. Utaitia mvua zikishashika.

Sasa mchicha. Kulala saa saba si lazima iwe kiu. Jua likiwa utosini, jani linapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kupandisha, basi linajikunja lisiunguzwe. Utazame saa kumi na mbili jioni, kisha uutazame tena alfajiri kabla jua halijachomoza. Ukiwa umesimama alfajiri, haudai kitu. Ukiwa bado umelala alfajiri, hapo ndipo una kiu kweli, na kiu hiyo imeshakuwa ya siku kadhaa.

Nenda leo ukafanye jambo dogo. Mwagilia kama ulivyozoea, subiri robo saa, halafu chukua kijiko cha kulia uchimbe katikati ya tuta. Nina hakika utakuta udongo mweusi umelowa kina cha kidole kimoja kilicholazwa, na chini yake mchanga mweupe mkavu unaomiminika kama sukari. Mizizi yako iko kwenye huo mchanga mkavu. Mpira unadanganya, kwa sababu juu pote panang'aa, nawe unaridhika na kuhamia tuta la pili.

Hesabu yake si ngumu. Lita moja ikimwagwa kwenye eneo la mita moja kwa moja ni sawa na milimita moja ya mvua. Jua la sasa huku kwetu linanyanyua kama milimita tano kwa siku. Tuta lako la mita tatu za mraba linataka lita 15, na manne ni lita 60, yaani ndoo tatu kubwa za lita 20. Ndoo tatu tu kwa siku zinatosha, zikienda taratibu na zikifika chini. Mimi nachota kwa kopo, namwaga kwenye mashina, narudi tena mwanzo wa tuta maji yakishazama. Nafanya hivyo baada ya magharibi, ili maji yapate usiku mzima wa kushuka kabla jua halijayadai. Na hizo saa zako mbili ziache. Mpira ukishalala juani, fungua koki uweke mkono: maji ya mwanzo hayashikiki. Hayo ndiyo unayoyapeleka kwenye mizizi michanga.

Halafu hayo matuta. Tuta ni la wakati wa mvua nyingi, maji yapate pa kukimbilia. Kwenye mchanga wetu wa pwani, kiangazi, tuta linakaushwa na jua juu na ubavuni. Ukivuna mchicha huu, geuza: chimba kitanda kiwe chini ya njia kwa kiasi cha kiganja, kingo zake ziwe juu, kama sinia. Kabla hujarudisha udongo, panga makumbi ya nazi chini, upande wa ndani ukitazama juu. Makumbi yananyonya maji kama sifongo, na mizizi inayafuata. Kitanda changu cha kwanza cha namna hiyo nilikichimba miaka tisa iliyopita na hadi leo ndicho cha mwisho kunyauka.

Na usiuache udongo uchi, mwanangu. Ukilishika jambo hili moja, mengine yote yatakusamehe. Mchanga mtupu saa saba huwezi kuukanyaga peku, sasa fikiria mzizi mwembamba kama uzi. Tandaza majani makavu, unene wa vidole vinne. Majani ya mkorosho tunayo tele, ni magumu, hayaozi haraka. Yaache mbali kidogo na mashina, na siku za kwanza uyafunue kila asubuhi uangalie mchwa. Ukiona vichuguu vya udongo vinapanda, yaondoe sehemu hiyo na uweke makumbi yaliyochambuliwa badala yake.

Juu weka kichanja cha mianzi, kimo cha kifua, na makuti yaliyopangwa kwa nafasi. Tumia makuti makuukuu kama unayo. Kuti jipya linafunika mno na mchicha unarefuka kwa kutafuta mwanga, lakini kuti lililochakaa linaachia vijidoa vya jua vinavyotembea juu ya majani, na hicho ndicho kivuli mchicha unachokitaka.

Nyanya ni habari nyingine. Kumwaga maua si kiu wala ugonjwa. Mchana ukipita nyuzi 32 na usiku ukibaki juu ya 24, chavua yake inaharibika, ua linadondoka bila kushika. Hakuna dawa ya dukani ya jambo hilo, usitupe pesa. Doa jeusi kitakoni nalo si ukungu. Ni chokaa haifiki kwenye tunda, na haifiki kwa sababu maji yanakuja kwa vipindi: leo mafuriko, kesho ukame. Chumvi ya kisima inazidisha. Nakushauri hivi, ingawa najua inauma: chagua miche sita iliyo imara kuliko yote, ing'oe mingine 12, na maji yote yaende kwa hiyo sita. Matunda yenye doa yachume, yanakula nguvu ya mti bure. Mwakani sia mbegu mwezi wa tatu au wa nne, nyanya zizae katika baridi ya Juni na Julai. Hapo utanikumbuka.

Kuhusu chumvi, angalia ukoko mweupe juu ya udongo. Ukiuona, ukwangue uutupe. Usimwagie majani, mwagia shina tu, kwa sababu tone la chumvi likikaukia juu ya jani linaacha kidonda. Ukipata maji ya bomba hata mara moja kwa wiki, siku hiyo mwagilia kwa wingi yasukume chumvi chini. Na badala ya maharage au karoti, ambazo haziivumilii kabisa, weka spinachi na kunde.

*Bibi shikamoo. Januari nilipanda mikorosho 60. Sasa mingi imeanza kukauka majani, na maji huku tunanunua kwa dumu. Je, niiache ife nianze upya mvua zikija? (Msomaji, Newala)*

Marahaba. Usiiache, mjukuu wangu. Mkorosho uliomaliza miezi tisa ardhini umeshatuma mzizi mrefu chini, na ule utakaoupanda Desemba utaanza sifuri.

Kwanza hakikisha ni kiu. Kiu inaanzia kwenye majani ya zamani, kingo zinakauka kuingia ndani, na ncha changa inabaki nzima. Lakini ukiona chipukizi laini ndizo zimekauka na zina madoa meusi yenye kona, huyo ni mbu wa mikorosho. Maji hayatamtoa. Chukua tawi lenye madoa umwonyeshe bwana shamba wa kata kabla hujanunua dawa yoyote. Walio karibu na Mtwara mjini wana bahati ya kuwa na kituo cha utafiti cha Naliendele, ambacho kazi yake kubwa ni korosho.

Kama ni kiu, dumu moja la lita 20 ligawe kwa miche minne, lita tano kila mmoja, mara moja kwa wiki. Ni madumu 15 kwa wiki, najua si pesa ndogo wakati mnada wa korosho haujalipa. Ukishindwa, toa kila wiki mbili, lakini usipunguze lita ukamwaga kikombe kikombe: hicho kikombe kinaishia juu na kupotea kabla ya adhuhuri. Njia nzuri zaidi ni chupa ya lita moja na nusu. Ikate kitako, toboa kizibo kwa sindano, ifukie kichwa chini hatua moja ndogo kutoka kwenye shina, uijaze kupitia kitakoni. Maji yanatoka matone kwa matone, na huo mchanga wenu wa uwandani, unaomeza kila kitu, unapata muda wa kuyashika. Zungushia majani makavu, acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, na simika makuti mawili upande wa magharibi, kwa sababu jua la saa tisa ndilo linalomaliza mche.

*Bibi, wiki iliyopita mvua moja kubwa ilinyesha usiku. Majirani wote wamepanda. Nami nipande? (Msomaji, Mingoyo, Lindi)*

Bado. Chukua jembe uchimbe: unyevu ukiwa haujafika urefu wa bamba la jembe, hiyo ni mvua ya kutuliza vumbi. Mbegu ya mahindi itaota siku ya tano na kuungua ya kumi na mbili, na mbegu ni pesa. Sikiliza utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, maana Lindi na Mtwara tumo kwenye msimu huo, tofauti na wenzetu wa Tanga wenye vuli na masika. Kama mikono inawasha, panda kunde kwenye robo ya shamba tu, zinavumilia. Na mvua ya pili ikija, chimba tena mahali palepale kabla hujafungua mfuko wa mbegu.