Re: Kompyuta mbili za kuzamia zinapishana nusu mita, ipi ya kweli?

Kaka, kwanza angalia setingi, maana hicho kidude cha mkononi cha kuonyesha kina hakipimi mita, kinapima presha ya maji halafu kinapiga hesabu, sasa kama moja iko maji chumvi na nyingine maji baridi (yasiyo na chumvi), kwenye mita 18 lazima zipishane karibu nusu mita na zote ni nzima kabisa. Zikilingana setingi na bado zinapishana, zipeleke duka lenye chemba ya presha yenye geji iliyopimwa, bar 2 (bar ni kipimo cha presha) juu ya presha ya hewa isome kama mita 20 kwenye setingi ya maji chumvi. Kulinganisha na kamba yenye alama za mita iliyoshushwa majini siamini sana, mkondo unailaza. Ila kwenye dekompresheni (kupanda kwa kusimama ili mwili utoe gesi) tafadhali fuata ile inayosoma kina kirefu zaidi.