Jibu: Figo iliyopasuka ikapona bila upasuaji, kreatinini iko sawa

Dada, pole sana, na ashukuriwe Mungu mtoto ametoka wodini. Umesema alianguka mwembeni, figo ya kushoto ikapasuka daraja la 4 (ukali wa jeraha, la juu kabisa ni 5), akatibiwa kwa kulazwa bila kupasuliwa, na sasa kreatinini, ile taka ya kwenye damu inayopimwa kuangalia kazi ya figo, ni ya kawaida. Unauliza kama figo hiyo inafanya kazi.

Kreatinini peke yake haiwezi kukujibu. Nasi ilitupa matumaini ya haraka kwa mdogo wangu aliyepata ajali ya bodaboda, kumbe figo iliyo salama ilikuwa inabeba mzigo wa mwenzake. Ultrasaundi nayo huonyesha umbo, si kazi. Kilichotupa jibu ni skani ya DMSA, ile ya kudungwa dawa yenye mionzi kidogo. Inaonyesha kila figo inachangia asilimia ngapi; kawaida ni kati ya 45 na 55 kila upande. Ya mdogo wangu ilitoka 34, miezi 6 baada ya ajali. Ina kovu, lakini inafanya kazi.

Kabla ya hayo yote, anza na presha. Ipimwe kila mnapokwenda kliniki, maana figo yenye kovu inaweza kuipandisha hata baada ya miezi mingi, na mtoto hatasikia chochote. Dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni msimpe bila daktari kujua. Akikojoa damu tena, au ubavu ukiuma pamoja na homa, msisubiri tarehe ya kliniki, nendeni usiku huohuo.

Kuhusu kurudi kucheza mpira siwezi kukupa tarehe, aseme daktari aliyeona picha zake.