Kwa mnaoanza na pikipiki za umeme: mambo ya kushika kabla hamjachoma kitu

Nawaandikia mlioingia mwaka huu. Nyinyi wa boda mliohama kutoka petroli, na nyinyi mafundi wachanga mliokulia kwenye kabureta na plagi. Nimewatazama, na makosa mnayofanya ndiyo yale yale tuliyoyaona pikipiki hizi zilipoanza kujaa Nairobi. Kontrola, vile visanduku vinavyoigawia mota umeme wa betri, zinaungua kwa sababu zile zile. Inaniuma, maana kila kontrola inayoungua ni siku kadhaa ambazo mtu harudi nyumbani na unga, na mkopo wa kila siku haungoji spea ifike.

Tafadhali someni mpaka mwisho. Najua mko stage na simu inalia.

1. Umeme huu si wa kuchezea

Nimemwona kijana akifungua kontrola huku betri iko ndani, amevaa pete na saa ya chuma, ananiambia, "Si ni betri tu, kaka?" Betri ya volti 72 yenye seli 20 za lithiamu zilizopangwa mfululizo, ikijaa inafika volti 84. Viwango vya usalama vya magari ya umeme vinahesabu chochote kinachozidi volti 60 za umeme wa moja kwa moja kuwa hatari kwa mwili. Kwa hiyo vua pete. Zungushia spana tepu, ubakishe mdomo wake tu. Toa betri, kisha subiri, kwa sababu kapasita za kontrola zinabaki na umeme hata baada ya betri kutoka. Pima kwa mita. Ukiona volti zimeshuka karibu na sifuri, ndipo ushike.

Na ile swichi ya umeme mnayong'oa kwenye ukuta wa nyumba na kuifunga kwenye pikipiki, acheni. Imetengenezwa kwa umeme wa nyumbani, ambao hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na hapo cheche hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri haupiti sifuri. Cheche ikishawaka ndani ya swichi hiyo inaweza kuendelea kuwaka mpaka plastiki iyeyuke.

2. Washa ya ekseli

Hapa nitakaa kidogo. Ni jambo ambalo ningependa kila fundi alale nalo akilini.

Gurudumu la nyuma lenye mota ndani halifungwi kama la Boxer ya petroli. Kwenye pikipiki ya petroli ekseli kazi yake ni kushikilia gurudumu tu. Kwenye mota ya gurudumu, nguvu inayolisukuma gurudumu mbele ndiyo hiyo hiyo inayoisukuma ekseli izunguke kinyume. Kwa sababu hiyo ekseli imechongwa bapa pande mbili, na kuna ile washa, yaani pete ya chuma inayokaa chini ya nati, yenye jino, ambayo jino lake linaingia kwenye fremu kuizuia ekseli isizunguke. Nati peke yake haitoshi, hata ukiikaza kwa kusimama juu ya spana. Na kumbuka waya zote za mota zinapita ndani ya ekseli hiyo: tatu nene za nguvu na tano nyembamba za sensa, vile vifaa vidogo vinavyoiambia kontrola mota imezunguka kufika wapi. Ekseli ikizunguka, waya zinazunguka nayo.

Msimu mmoja wa mvua, jamaa wa kupeleka chakula alituletea pancha. Kijana wetu mmoja gereji, hodari na mwenye mikono myepesi, akatoa gurudumu, akaziba, akarudisha. Foleni ilikuwa ndefu na kila mteja alikuwa anamwita. Jamaa akalipa, akaenda zake.

Siku ya pili akarudi juu ya pikapu. Alikuwa akipanda mlima amebeba abiria, akafungua throto yote, ule mkono wa kuongeza mwendo, akasikia mlio mmoja chini na gurudumu la nyuma likawa zito ghafla, kana kwamba mtu amekanyaga breki. Lori lilikuwa nyuma yake. Alifanikiwa kujivuta pembeni. Abiria aliruka akaumia goti, na namshukuru Mungu iliishia kwenye goti.

Tulipofungua tukaipata ekseli imejizungusha na kutafuna fremu. Waya zilikuwa zimesokotwa mpaka ganda limechubuka na shaba iko nje. Waya nene mbili zilikuwa zimegusana, na hilo ndilo lililofanya gurudumu liwe zito: mota ambayo waya zake za nguvu zimepiga shoti inajifunga breki yenyewe. Waya nyingine nene ilikuwa imegusa nyembamba ya sensa, ikapeleka volti za betri mahali panapotakiwa volti 5. Sensa zote tatu zilikufa. Kontrola ilikufa. Ukiinusa ulijua hata kabla ya kupima.

Kijana hakusema neno mchana wote. Alishika tochi, akaleta vyombo, akafagia mahali palipokuwa safi. Jioni wenzake walipoondoka akaenda kwenye trei yake, akainua kitambaa, akanionyesha washa.

"Niliiona usiku ule ule nikipanga vyombo," akaniambia. "Nikajua ni ya nani. Nikasema nimeikaza nati vizuri, itashika. Asubuhi nikasema nikimpigia atanidharau, ataenda kwa fundi mwingine. Nikaifunika."

Kusahau washa siku ya foleni ndefu ni jambo la kibinadamu, na sikumkaripia kwa hilo. Lililonitoa machozi ni kile kitambaa. Namba ya mteja alikuwa nayo. Simu moja, "Kaka, usiipande hiyo pikipiki, nakuja," na kazi yenyewe ingekuwa ya dakika chache. Badala yake jamaa alikaa zaidi ya wiki bila kazi, mkopo unapanda, na mwenye pikipiki anampigia asubuhi na jioni. Gereji ililipia kontrola. Kijana tulikaa naye usiku tukipitisha waya mpya kwenye tundu la ekseli, kazi ya kuvuta kidogo na kusukuma kidogo mpaka vidole vinakufa ganzi, kisha tukabandika sensa mpya moja moja. Sikuhizi yeye ndiye anayekagua ekseli kabla pikipiki haijatoka getini, na hakuna anayeruhusiwa kumharakisha.

Basi ukimaliza kazi na kipande kimebaki mkononi, mpigie mteja. Hata kama ni saa sita usiku. Hata kama ni mteja mwenye mdomo.

Nyongeza kwa mafundi: pikipiki ikija na gurudumu zito, toa betri, chomoa waya tatu nene kwenye kontrola, zungusha tena. Likiwa jepesi, shida iko kwenye kontrola. Likibaki zito kwa mikwaruzo ya kustuka-stuka, shoti iko kwenye mota au waya zake.

3. Shika konekta kwa mkono

Baada ya safari ndefu, zima pikipiki na uguse ganda la nje la kila konekta nene, yaani kiungio cha waya. Inayokuwa na joto kuliko wenzake imelegea au ina kutu, na itayeyuka wakati wowote. Usiimwagie risasi ya kulehemu juu ukadhani umeitibu. Ikate, ufunge mpya, ubane kwa koleo yake halisi.

4. Maji

Mvua ya kawaida haina neno. Adui ni mashine ya kuoshea magari. Mwambie kijana wa kuosha asielekeze ule mpira kwenye kitovu cha mota, kwenye kontrola wala chini ya kiti. Na mafuriko msiyaingie. Mlioona Nairobi ya Aprili 2024 mnajua maji yanavyopanda barabarani. Maji yakifika kwenye ekseli, geuza. Mota iliyokuwa moto ikizama inapoa ghafla na kuvuta maji ndani kupitia sili, ile mipira ya kuzuia maji, kisha kutu inaanza kula beringi na sumaku bila wewe kujua.

5. Kuchaji nyumbani

Wengi wenu mnabadilisha betri kituoni, na betri ile si mali yenu. Kuifungua ni kuvunja mkataba, na pia ni kuhatarisha maisha yako na ya jirani.

Ila mnaochaji nyumbani, sikilizeni. Chaja ya volti 84 na ampea 10 inatoa wati 840, na kutoka ukutani inavuta kama ampea 4 kwa saa kadhaa mfululizo. Ekstensheni nyembamba ya bei rahisi, imekunjwa imewekwa chini ya kitanda, na hapo hapo imechomekwa pasi na jiko la umeme, itapata moto. Ikunjue yote. Chaja iwe juu ya kitu kigumu kisichoshika moto, isifunikwe na nguo. Na jambo ninalowaomba kwa moyo wangu wote: msichajie mlangoni. Nyumba nyingi tunazopanga zina mlango mmoja tu. Betri ya lithiamu ikiwaka mlangoni, mke na watoto watapitia wapi? Ichajie upande wa pili, mkiwa macho, na betri iliyoanguka, iliyovimba au iliyoingia maji isichajiwe kabisa. Wala msiitupe jalalani Dandora ambako watoto wa watu wanachokora. Irudishe kwa aliyekuuzia.

6. Kilomita za kwenye tangazo

Ukiambiwa betri inakwenda kilomita 80, hiyo ni barabara tambarare, mtu mmoja, mwendo wa wastani. Hesabu safari ya Limuru. Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Limuru imezidi 2,200. Pikipiki, wewe na abiria mnafika kama kilo 300. Kuinua uzito huo tu mpaka juu kunakula karibu theluthi moja ya kilowati-saa, na betri nyingi zina kama 3. Yaani zaidi ya sehemu moja ya kumi imekwisha kwa mlima peke yake. Hujahesabu upepo wa Waiyaki Way wala tairi lisilo na upepo wa kutosha. Betri ikiwa imebaki robo usipande. Na usiamini asilimia unayoiona ukiwa umefungua throto, maana volti hushuka mota ikivuta na kurudi ukiachia.

7. Barabarani

Nguvu inakuja papo hapo, hakuna klachi ya kukusamehe. Kwenye lami yenye maji fungua throto polepole. Watembea kwa miguu hawakusikii, hasa wazee na watoto wanaotoka katikati ya matatu zilizosimama. Piga honi mapema, kwa upole. Na ukisimama kwa mteja, zima kabisa. Pikipiki iliyowashwa haina sauti, na mtoto akigusa throto inaruka.

8. Sheria

Kuna kijana aliniambia pikipiki yake haihitaji bima kwa sababu haina injini. Nilimkalisha chini.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, haikuulizi unatumia nini kusukuma gurudumu. Pikipiki isajiliwe na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, iwe na namba. Leseni ya kubeba abiria au kupeleka mizigo ni daraja A3. Helmeti na jaketi lenye viakisi ni vyako na vya abiria pia, na abiria ni mmoja. Ukigonga mtu, simama, toa jina lako, saidia, na uripoti polisi mapema iwezekanavyo, kabla saa 24 hazijapita. Anayekimbia anajiongezea kosa juu ya kosa.

Bima ya mtu wa tatu inatakiwa na Sura ya 405. Soma cheti chako: kama kimeandikwa matumizi binafsi nawe unabeba abiria wa kulipa, siku ya ajali kampuni itakuuliza hilo swali kabla ya mengine yote. Na jueni bima hiyo ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mahakama ikitoa zaidi ya hapo, kinachobaki kinatafutwa kwa mwenye pikipiki.

Mwenye pikipiki ni nani? Sheria inasema ni yule ambaye jina lake liko kwenye usajili, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hapa ndipo mnaponiogopesha. Wenzetu wa Kigali tangu Januari 2025 hawasajiliwi pikipiki mpya ya abiria isipokuwa ya umeme, na huku kwetu pia biashara inakua, kwa hiyo pikipiki zilizotumika zinauzwa na kununuliwa stage kila siku kwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Mnunuzi anaondoka na ufunguo, jina linabaki lako. Akimgonga mama wa watu, barua ya wakili inakuja kwako, na kazi ya kuthibitisha kwamba uliuza ni yako. Sheria inampa mnunuzi siku 14 tu za kuitumia barabarani kabla jina halijabadilika. Kama pikipiki ilikuwa ya mkopo, aliyekukopesha aandike kwanza kwamba ameiachilia, la sivyo umeuza kisicho chako.

Kaeni wawili na simu zenu, muingie eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, mwombe uhamisho wa jina, kila mmoja akubali upande wake, ndipo ufunguo utoke mfukoni. Akikwambia jina mtabadilisha mwezi ujao, mwambie na pikipiki aje aichukue mwezi ujao.