Amana, arabuni na usiku wa Ijumaa

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Nasimamia nyumba ya kukodisha kwa siku hapa Jambiani, Unguja. Wageni wengi wanatoka Dar es Salaam na Mombasa, hasa wakati wa sikukuu, na tangazo nimeliandika mwenyewe kwa Kiswahili. Nakutumia nakala yake. Mgeni mmoja alinitumia laki mbili ambazo tangazo linaziita "amana", akaghairi siku mbili kabla ya safari, kisha akazitaka zote kwa hoja kwamba amana lazima irudi. Mwengine aliweka nafasi ya "usiku wa Ijumaa", akatokea Alkhamisi magharibi na mabegi yake wakati nyumba ina watu. Maneno yangu yana makosa gani? Na niseme "napangisha" au "nakodisha"?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Kwa upande wa lugha, wageni wako wote wawili wamesoma sawasawa. Walifuata ulichoandika, si ulichokusudia.

Amana ni kitu cha mtu ulichopewa ukitunze, na mwenyewe akikitaka unampa. Kinakaa mkononi mwako lakini hakiwi chako hata siku moja. Ndiyo maana benki huziita pesa za wateja amana, na ndiyo maana Muislamu akilikuta neno hilo katika tangazo hukumbuka aya ya 58 ya Suratun Nisaa, inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Kwa hiyo ulipomwambia yule bwana alipe amana, ulikwisha kumuahidi kwamba pesa yake unamshikia tu. Hoja yake ni nzito, na mimi ningekuwa wewe ningemrejeshea.

Ulichokitaka wewe ni arabuni, ambayo wengine huitamka arbuni. Hiyo ni pesa ya kufungia bei: mnunuzi anatanguliza sehemu ili muuzaji asimpe mtu mwengine, na biashara ikitimia pesa hiyo inahesabiwa ndani ya bei. Mnunuzi akighairi, desturi ya sokoni ni kwamba imekwenda. Wanazuoni wa fiqhi wana mjadala wao wa zamani juu ya muuzaji kubaki nayo: Mahanbali wanaruhusu, wengi wa madhehebu mengine hawaruhusu. Hilo si langu kulikata. Ila hata ukitumia neno sahihi, usilinyamazie. Andika wazi lini pesa inarudi na lini hairudi.

Nasikitika kwamba arabuni linatoweka midomoni mwa vijana, kwa sababu mahali pake pameingia "dipoziti", na dipoziti ni gunia. Pesa ya kushikia nafasi inatiwa humo, na pesa ya tahadhari vyombo visivunjwe inatiwa humo humo, kisha watu wanagombana wakati wa kulifungua. Hiyo ya vyombo nayo ina jina lake: dhamana. Amana haikatwi, dhamana hukatwa pakitokea hasara, na kinachobaki hurejeshwa. Rehani iache kabisa, maana hiyo ni mali inayowekwa kwa ajili ya deni, kama dhahabu au hati ya nyumba. (Wenye nyumba wanaozuia pasi za wageni mpaka walipwe wanashika rehani bila ya kujijua, na si jambo la kujivunia.)

Tangazo lako basi lingesomeka hivi: "Ili tukushikie nafasi, tanguliza arabuni ya shilingi laki mbili, itahesabiwa ndani ya bei ya nyumba. Ukighairi siku saba au zaidi kabla ya kufika, utarejeshewa yote. Ukichelewa zaidi ya hapo, hairudi. Ukifika utaweka dhamana ya vyombo ya shilingi laki moja, nayo utarejeshewa siku ya kuondoka vyombo vikiwa vizima." Hizo siku na viwango badilisha upendavyo.

Angalia pia kwamba barua yako inasema "akaghairi", lakini tangazo linasema "kukansela". Shika la barua. Kughairi ni kubadili nia kabla jambo halijaanza. Mgeni akishaingia, akalala mara moja na kuondoka, huyo hakughairi, amevunja makubaliano, na masharti yake yawe mbali.

Sasa kupanga na kukodi. Anayepanga ni mpangaji, na mpangaji ana maisha ndani ya nyumba: analipa kwa mwezi, sheha (kiongozi wa mtaa) anamjua, majirani wanamkopa chumvi. Mtu wa siku nne hajapanga, amekodi, kama anavyokodi baiskeli. Kwa hiyo wewe unakodisha. Lakini huyo mgeni akiulizwa njiani, hatasema amekodi. Atasema "nimefikia Jambiani". Kufikia ndilo neno letu hasa la jambo hili, na matangazo yamelisahau. "Nyumba ya kufikia wageni" inanipendeza zaidi kuliko "nyumba ya likizo", ambayo kila nikiisoma naona nyumba ndiyo iliyopewa likizo.

Katika hilo hilo, umeandika "bei haijumuishi kodi". Kodi ni malipo ya nyumba, na kodi ni haki ya serikali pia. Msomaji atajiuliza hiyo bei ni ya kitu gani ikiwa kodi ya nyumba haimo. Yako iite bei, na ile nyengine iite kodi ya serikali.

Tuje kwa mgeni wa Alkhamisi. Kwa hesabu ya wazee wetu siku huanza jua likishatua, yaani usiku unatangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule wa Alkhamisi kuamkia Ijumaa. Usiku wa Idi ni ule ambao mwezi umeshaandama na kesho yake watu wanakwenda kusali. Hakuna anayefahamu kuwa ni usiku wa baada ya pilau. Huyo mgeni, nadhani ni wa makamo au amelelewa na bibi yake, alifika wakati wake barabara. Wewe ulikusudia Ijumaa usiku. Maneno ni yale yale mawili, yamepinduliwa tu, na kati yao pana saa 24.

Katika tangazo usilitumie neno usiku hata kidogo. Andika: "Kuingia Ijumaa tarehe 6, saa 8 mchana, kutoka Jumapili tarehe 8, saa 4 asubuhi, kulala mara mbili." Hiyo "kulala mara mbili" inakuokoa na ugomvi mwengine, kwa kuwa mgeni atahesabu Ijumaa, Jumamosi na Jumapili akasema amelipia siku tatu. Na neno "mchana" lisikose, maana simu yake inaandika 14:00, na saa 8 peke yake ataweza kuisoma 08:00.

Mengine ni madogo. "Choo cha ndani" kwa mmoja ni ndani ya chumba, kwa mwengine ni ndani ya nyumba na si uani. Andika "kila chumba na choo chake". Selfu pia linafahamika, sina ugomvi nalo. "Pamoja na chai" Unguja ni mlo mzima wa asubuhi na mikate yake, lakini mgeni wa mbali atangojea kikombe, kwa hiyo kwake kifungua kinywa ni salama zaidi. "Msimu wa juu" ondoa hilo "juu". Msimu zamani ulikuwa wa pepo na majahazi, leo ni wa wageni, na peke yake linatosha: wakati wa msimu, nje ya msimu.

Lililobaki ni "nyumba ipo baharini". Kwa Jambiani hilo ni kweli nusu ya siku. Maji yakipwa, hasa bamvua (siku za maji makubwa), bahari huenda mbali mpaka karibu na mwamba, na mbele ya baraza yako unabaki mchanga na mashamba ya mwani. Andika "ufukweni", kisha ongeza sentensi moja kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mtu wa Mombasa hana haja ya kuambiwa, lakini wa Dodoma anayo.